Kinywa Kilichofungwa Pujini

Ndugu zangu, mmeniomba nisimame niseme, na hadi leo nikianza kuyasema haya mikono hunitoka jasho. Naitwa Agnesi. Nitaeleza kama ilivyokuwa, hata pale pasiponipendeza.

Mimi na mume wangu Yohana tulivuka kutoka bara kuja Pemba kuchuma karafuu. Msimu ukaisha, tukabaki. Tulipewa mahali pa kulima Pujini, tukapanda muhogo, tukafuga mbuzi, nikamzaa Felista wangu. Wakristo pale kijijini tulikuwa sisi tu. Kila Jumapili tulikwenda kwa miguu hadi Chake Chake kusali na wenzetu wachache. Katekista wetu, Mwalimu Danieli, alikuwa na neno asilochoka kulisema: "Mkristo ana Mfalme mmoja. Huwezi kujiweka chini ya wawili." Nililipenda neno hilo. Lilikuwa rahisi, kwa kuwa lilikuwa halijanigharimu kitu.

Ilikuwa ile miaka ya siasa, kabla ya uhuru. Hata kisimani watu waliulizana, "Wewe wa upande gani?" Sisi wa kuja tuliangaliwa mara mbili. Lakini jirani yetu Bi Mize, mjane, Mpemba wa asili, hakuniuliza kitu. Ndiye aliyenizalisha Felista. Nilimwita mama.

Siku moja nikifagia banda la mbuzi nilikanyaga msumari wenye kutu. Uliingia kisiginoni. Nikauchomoa, nikapaka masizi na mafuta ya nazi, nikaendelea na kazi. Kidonda kikafunga. Nikakisahau.

Siku ya nane, nikitafuna muhogo, taya likakaza. Nikadhani ni jino. Kesho yake kinywa hakikupitisha hata kidole. Shingo ikawa kama gogo. Halafu mgongo ukapinda kwa nyuma mpaka nikasimamia kisogo na visigino juu ya kitanda. Niliuma ulimi, damu ikanitoka. Mkojo ukanitoka. Felista aliniona, akapiga ukelele, na ule ukelele ukanipinda tena.

Jambo la kutisha ni kwamba akili yangu ilikuwa nzima. Nilisikia kila neno, ila sikuweza kujibu hata moja.

Bi Mize alikuja, akanitazama, akajishika kiuno. "Yohana mwanangu, ntu huyu kaingiliwa. Huyu ni pepo, nayajua mimi."

Yohana alikuwa analia. Alisema, "Mama, fanya unalolijua."

Simlaumu. Alidhani ananizika.

Alasiri Bi Mize akaja na fundi wa pepo na watu wawili wenye ngoma. Fundi aliniinamia, akanena kwa upole kabisa. "Bibi, aliyekushika anataka kiti. Ukubali uwe kiti chake, akutawale, umtumikie kila mwaka. Atakuacha uishi. Huwezi kusema, basi nibane mkono mara moja." Akanipa mkono wake.

Ndugu zangu, nisiwadanganye. Nilitaka kuubana. Nilimsikia mwanangu akilia uani, nikawaza atalelewa na nani. Nikawaza kwamba Mungu anaona moyo, nitabana mkono leo na kutubu kesho. Nikatafuta amani moyoni, sikuiona. Nilitafuta sala, maneno yakanikimbia, likabaki moja tu: mimi wa Yesu. Lilizunguka kichwani kama nzi. Nilikuwa na hofu ya kufa, na nilikuwa na hofu ya kuishi chini ya mwingine, na sikujua ipi ni kubwa.

Nikauondoa mkono wangu. Ulitoka kidogo tu, urefu wa shubiri moja. Ulikuwa unatetemeka.

Fundi akanifuata tena. Nikauondoa tena.

"Pepo ndiye anayekataa," fundi akawaambia wenye ngoma. "Pigeni."

Ngoma ikalia mara moja. Mwili ulipinda nikasikia kitu kikialika mgongoni kama kijiti kikavu. Pumzi ikakata. Niliona giza mchana kweupe. Ikalia ya pili, nikajua ya tatu ndiyo ya mwisho wangu.

Bi Mize akaweka kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma. "Basi! Hamwoni? Ngoma yamuua!" Akanikaribia, akautazama ule mkono niliouondoa. "Mwanangu, Mola wako kakukataza hili?"

Nilifumba macho na kuyafumbua. Alielewa. Akamgeukia Yohana, "Mpelekeni kwa daktari, nami nafuatana naye."

Walinibeba na kitanda changu hadi barabarani, wapwa wa Bi Mize wanne. Yeye alitangulia akiwanyamazisha watu njia nzima. Lori la karafuu likatuchukua hadi hospitali ya Chake Chake. Daktari aliangalia kisigino, akagusa taya langu. "Hii ni pepopunda. Mmechelewa. Wiki hii akiivuka, tutazungumza."

Walinichoma sindano nyingi. Waliziba dirisha kwa blanketi, wakanilisha maziwa kwa mpira puani. Mlango ukigongwa, nilipinda. Siku zile niliogopa kuliko pale nyumbani. Nilijiuliza kama nilikuwa mwaminifu au mkaidi tu. Hakuna sauti iliyonijibu.

Wiki ikapita. Ya tatu, taya likalegea upana wa kidole. Nilikuwa nimejiapiza kwamba neno langu la kwanza litakuwa sifa kwa Mfalme wangu. Mwalimu Danieli alikuwa kando ya kitanda. Nikafungua kinywa nikasema, "Maji."

Nikalia kwa aibu. Mwalimu akaninywesha kwa kijiko. "Usilie, dada. Hata Yeye msalabani aliomba cha kunywa."

Nilitoka na fimbo, mgongo umepinda kidogo kama mnavyouona. Bi Mize alikuja kunikanda. Siku moja akaniuliza, "Na kama ungekufa?"

"Ningekufa mali yake, mama."

Akaendelea kukanda. Kisha akasema taratibu, "Nami kila sijida hayo hayo ndiyo nimwombayo Mola wangu."

Namshukuru Mungu, na madaktari, na mama yule. Kidonda kidogo kioshwe kwa sabuni, na aliyechomwa na msumari aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje taya likaze. Na aliyekuletea ngoma kwa mapenzi usimwite adui.

Wapo wanaoniambia nilikuwa na imani kubwa. Hapana. Nilikuwa mwoga kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wewe uliyelala kitandani na hofu leo, usingoje iishe ndipo umtii. Mfalme wangu hakunidai nisitetemeke.