Ukurasa wa Tisa wa Yunisi Namwinga

Yunisi Namwinga alianza kukata tiketi katika stesheni ya Tunduma mwaka 1986, akiwa na miaka ishirini na minne, ameolewa na Zebedayo Sichone, fundi cherehani, na ana mtoto mmoja mgongoni. Alikuwa mwepesi wa mkono na mwepesi wa ulimi. Pale dirishani Mnyiha alihudumiwa kwa Kinyiha, Mnamwanga kwa Kinamwanga, na mfanyabiashara kutoka Zambia alitaniwa kwa Kibemba mpaka akasahau kwamba amesimama foleni. Stesheni masta, mzee Makene, Msukuma mpole mwenye mvi za mapema, alipenda kusema kwamba abiria wengine walifuata maneno ya Yunisi kuliko safari yenyewe.

Mwishoni mwa 1989 ikaja nafasi ya kwenda kusoma India miezi sita. Wanaume wawili walipendekezwa. Mmoja akaugua, mwingine akaanguka mtihani wa Kiingereza, na Makene akapeleka jina la Yunisi. Ndugu wa Zebedayo walinuna. Mke wa mtu anaendaje nchi za watu peke yake? Zebedayo aliwajibu hapohapo, cherehani ikiendelea kulia: "Aliyemwoa ni mimi, na mimi nimemruhusu."

Huko India walimpeleka mji wa kawaida tu. Vumbi lilikuwa kama la Tunduma, makelele yalizidi. Asubuhi ya kwanza ya mazoezi aliketishwa dirishani kando ya karani mmoja, mama wa makamo. Kabla ya saa nne, yule mama alikuwa amekata tiketi nyingi kuliko alizokata Yunisi mwezi mzima. Watu walikuja na makopo ya maziwa, na vyakula vyao vya mchana kwenye vyombo vya bati, na watoto wa shule. Mabehewa yakijaa, walining'inia milangoni. Yunisi hakudhani amefika peponi. Vyoo vilinuka, na siku ya pili aliibiwa kandambili. Ila kila mtu, hata muuza vitunguu asiyejua kusoma, alijua treni yake inafika saa ngapi, na maisha yake aliyapanga kwa saa hiyo.

Wakinywa chai, yule mama akamuuliza, "Kwenu treni ya abiria, ile ya kusimama kila kituo, inapita mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Kwa saa?"

"Kwa wiki."

Mama akamtazama, akidhani Kiingereza ndicho kilichokosewa. Alipoelewa kwamba hakuna kilichokosewa, hakucheka. Alimsogezea Yunisi kipande cha mkate wake, kama mtu anavyompa mfiwa. Yunisi aliula wote, akarudi dirishani.

Aliporudi, safari yake ya kwanza ilikuwa kwenda ng'ambo kumwona dada yake mkubwa, Anastazia, aliyemlea baada ya mama yao kufa. Anastazia aliolewa Zambia na Kefa, mkulima wa maharage, katika kijiji ambacho hakikuwa na barabara ya maana. Mvua zikianza, hata baiskeli ilibebwa begani. Lakini reli ileile ya Tunduma ilipita hapo, na treni ilisimama dakika tatu. Katika dakika hizo tatu magunia yalipanda, wagonjwa walipanda, barua zilishuka, chumvi ikashuka.

"Sisi huku, mdogo wangu, treni ikikosa kuja tumefungiwa ndani," Anastazia alimwambia.

Maneno hayo Yunisi alirudi nayo Tunduma. Huku watu walikuwa na barabara kuu, na malori yalikuwa yakiongezeka kila mwezi tangu biashara ilipofunguliwa. Akanunua kaunta buku. Siku zake za mapumziko alisimama kando ya barabara, akiwauliza waliokuwa wakipanda juu ya mizigo kwa nini hawapandi treni. Wauza chumvi wa Ivuna walimchekesha. "Dada, chumvi haiozi, ingeingoja treni yenu," mmoja alisema. "Tunaooza ni sisi." Mama mmoja wa vitenge, Mzambia, alitikisa kichwa: "Awe, mayo! Hapana, mama! Treni yenu inakuja ikijisikia."

Aliandika yote. Kazi hiyo ilimla miaka miwili na nusu. Mwisho wake ilikuwa ripoti ya kurasa kumi na nne, ikilinganisha sehemu tatu: ule mji wa India, vituo vya ng'ambo ya Zambia, na Tunduma. Ukurasa wa tisa ulikuwa na jedwali la abiria. Ukurasa wa kumi ulieleza sababu: India watu hupanda kwa sababu treni huja, ng'ambo hupanda kwa sababu hawana njia nyingine, Tunduma hawapandi kwa sababu hawawezi kuitegemea, lakini kwa kila mmoja anayepanda, wapo kumi wanaotamani. Kurasa zilizobaki ziliomba treni fupi ya mabehewa mawili, iwe inavuka mpaka na kurudi kila siku ya soko.

Makene aliichapa mwenyewe kwa mashine ya ofisi, kwa vidole viwili, wiki tatu nzima. Alipomaliza aliipigapiga kwa kiganja. "Mwanangu, hii itatufikisha mbali."

Ikapelekwa juu. Mwaka ukapita kimya, na mwingine ukaanza.

Mwaka 1995 walikuja wataalamu waliotumwa na uongozi wa reli. Wafanyakazi wote waliitwa kwenye ukumbi wa kungojea treni, na hata akina Marita, waliokuwa wakiuza ndizi na karanga pale stesheni, walisogea mlangoni kusikiliza. Mtaalamu mkuu, kijana aliyenyoa vizuri, alizungumza habari za nyakati mpya na mashirika kujitegemea. Kisha akainua karatasi moja. Yunisi aliitambua kabla hajasikia neno. Ulikuwa ukurasa wa tisa.

"Msifikiri sisi tumetunga," yule kijana alisema. "Takwimu hizi ni za mwenzenu wa hapahapa. Kituo kimoja cha India, mji mdogo tu, kinapandisha abiria elfu sita kwa siku. Tunduma mnapandisha ishirini na wawili treni inapopita. Ishirini na wawili! Vituo vingine vya ng'ambo havifiki kumi na watano. Wenzetu wanaendesha treni kwa sababu watu wanazipanda."

Yunisi alisimama. "Bwana, naomba usome ukurasa wa kumi."

"Mama, muda hautoshi."

"Ni ukurasa mmoja tu. Nitausoma mimi."

"Mama, tumeshukuru sana kwa kazi yako. Keti."

Akaketi. Alikuja kujilaumu kwa mengi baadaye, lakini hakuna lililomchoma kama hilo la kuketi.

Barua zilifika baada ya miezi miwili. Wafanyakazi kumi na mmoja walipunguzwa, jina la Makene likiwa la kwanza. La Yunisi halikuwemo. Alipewa barua yake peke yake, ikisema anaendelea na kazi, na uongozi unatambua mchango wake katika utafiti.

Laiti wangemfukuza. Siku ile alipotoka na barua yake mkononi, hakuna aliyemwuliza imeandikwa nini, walishajua. Marita alikuwa ameketi juu ya beseni lake lililopinduliwa, maana treni zikipungua naye hana wa kumuuzia. "Kumbe ulikwenda kusomeshwa India ili uje utumalize," alisema, bila kupandisha sauti.

Yunisi alikwenda nyumbani kwa Makene, kwenye nyumba za reli. Alimkuta anafunga vitanda kwa kamba, arudi kwao Shinyanga.

"Mzee, mimi sikuandika vile walivyosoma."

"Najua ulivyoandika. Nilipiga kila herufi kwa vidole hivi." Makene alikaza fundo. "Na mimi sikuliona lile jedwali kwamba linaweza kusimama peke yake. Wewe uliliona?"

"Sikuliona, mzee."

"Basi."

Yunisi alinyoosha mkono wa kuagana. Mzee akainama kutafuta kamba nyingine, na aliinama muda mrefu kupita kamba inavyotafutwa. Yunisi akaondoka.

Mtu atauliza kwa nini hakuacha kazi. Cherehani ya Zebedayo ilikuwa imenyamaza. Mitumba ilikuwa imejaa mjini, shati zuri lilipatikana kwa bei ya vifungo vyake, na nani tena angepeleka kitambaa kwa fundi? Watoto walikuwa watatu. Yunisi akarudi dirishani. Hakutania tena mtu kwa lugha yoyote.

Mwaka uliofuata vituo vidogo vya ng'ambo vilifutwa kwenye ratiba, na kituo cha Anastazia kilikuwa miongoni mwao. Yunisi aliandika barua ya kupinga, akaeleza habari za mvua na za kijiji kisicho na barabara. Jibu lilikuwa na mistari minne. Lilisema uamuzi umezingatia utafiti uliofanywa na yeye mwenyewe.

Februari 1997, siku ya Jumanne, treni ya abiria iliondoka Tunduma kwa wakati. Lilikuwa jambo adimu kiasi kwamba abiria walipiga makofi, na Yunisi, akiwa dirishani, alijikuta anatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alikuwa amekata tiketi thelathini na moja. Alifunga dirisha akaenda kula ugali kwa furaha.

Alhamisi asubuhi Kefa, shemeji yake, alifika nyumbani kwao, miguu imejaa tope hadi magotini. Zebedayo alimvutia kigoda. Kefa hakuketi.

"Anastazia ametutoka, shemeji."

Tumbo lilikuwa limemkaza tangu Jumapili, alieleza. Mganga wa zahanati alisema afikishwe hospitali haraka. Mito ilikuwa imefurika, hakuna gari lililoweza kuingia. Basi wakambeba kwa machela mpaka relini, pale kituo kilipokuwa, wakiamini kwamba dereva akimwona mgonjwa atasimama. Walipunga vitenge. Mama mmoja alisimama katikati ya reli mpaka wakamvuta.

"Ilipiga honi," Kefa alisema. "Ilipita, shemeji. Tulipunga, ikapita. Akafa tukiwa bado pale."

Yunisi alitaka kuuliza ilikuwa siku gani na saa ngapi, kisha akaona hana haja ya kuuliza. Aliingia ndani, akakaa sakafuni nyuma ya mlango. Zebedayo alimfuata akamshika bega. "Si wewe uliyekuwa ukiendesha," alimwambia. Yunisi akautoa mkono wake begani, taratibu, kama mtu anavyoondoa nguo ya mwenzake aliyoivaa kwa makosa.

Kwenda kuhani walisafiri siku mbili, mara kwenye keria ya baiskeli, mara kwa miguu. Mara mbili treni ya mizigo iliwapita, na matope yakawarukia. Pale msibani wanawake walimpokea vizuri, wakalia naye, wakamwandalia maji ya kuoga. Hawakujua lolote kuhusu ile ripoti. Wema wao ulikuwa mzito kuubeba. Elina, mtoto wa Anastazia, wa miaka tisa, alilala mapajani pake siku zote tatu. Yunisi aliomba arudi naye Tunduma akamlee, kama yeye alivyolelewa. Kefa alisema mtoto abaki na nyanya yake.

Kazi aliiacha mwaka 2000, na hata hapo hakuiacha kwa ushujaa. Mtoto wa kwanza alikuwa ameajiriwa Mbeya na nyumba iliweza kupumua. Alianza kuuza mchele wa jumla karibu na mpaka, akafanikiwa kiasi, akajenga. Foleni za malori zilirefuka mpaka nje ya mji. Watu walipolalamika kuhusu ajali za mabasi na kusema afadhali treni ingekuwepo ya uhakika kama nchi za wenzetu, Yunisi aliendelea kupima mchele.

Siku moja mwaka 2011, mchana, msichana mrefu alisimama mbele ya duka. Alikuwa na shingo ya Anastazia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Elina?"

Alikuwa amekuwa mwalimu, anafundisha Kasama, huko Zambia. Yunisi alifunga duka, akampeleka nyumbani, akachinja kuku. Walizungumza habari za shule, za Kefa aliyekuwa mgonjwa wa macho, za mvua. Chakula kilipotengwa, Elina hakunawa.

"Mama mdogo, kuna mtu aliwahi kufanya kazi na wewe, tulikutana naye hapo ng'ambo, Nakonde. Aliniambia kituo chetu kilifutwa kwa sababu ya karatasi uliyoiandika. Ni kweli?"

Zebedayo alifungua mdomo. Yunisi akamzuia kwa jicho.

"Ni kweli," alisema. Kisha akaeleza yote, tangu kipande cha mkate cha yule mama wa India mpaka siku ile treni ilipoondoka kwa wakati. Hakuacha kitu, hata yale makofi, hata ule ugali.

Elina alisikiliza akiutazama mkeka. "Na huo ukurasa mwingine, wenye sababu. Upo?"

"Upo sandukuni. Nikuletee?"

"Hapana," alisema. "Nikiusoma nitakuhurumia, na sijaja kwa ajili hiyo."

Alinawa, akala vipande viwili kwa heshima ya chakula, akamshukuru Zebedayo, akasema anawahi kuvuka. Yunisi alimsindikiza mpaka geti la mpaka, akiwa nyuma yake hatua mbili, maana malori hayakuacha nafasi ya watu wawili kutembea sambamba. Pale getini Elina alipiga goti kidogo, kama binti aliyelelewa vizuri, akaaga, akaonyesha kitambulisho, akapita.

Hakurudi mwaka ule, wala uliofuata. Kefa alipofariki mwaka 2014, Yunisi alipata habari kwa wanunuzi wa mchele, matanga yakiwa yameshaisha.