Dakika Kumi na Tano za Mchezo wa Tano

Mimi ni bingwa. Cheti ninacho, jezi ninayo, na picha yetu imebandikwa ukutani kwa fundi cherehani pale Mbinga mjini, sisi kumi na wawili tumeshika kombe, mimi katikati nimebana midomo kama mama mkwe harusini. Watu wakiniuliza fainali tulicheza na nani, nawaambia timu ya wanawake ya kule ziwani. Wakiniuliza tulishinda ngapi kwa ngapi, hapo ndipo ninapokumbuka kwamba nina haraka.

Tulishinda ishirini kwa sifuri. Anayeujua mpira wa kikapu ameshaelewa, maana hakuna timu ya watu wazima inayocheza robo zote nne bila kufunga hata kikapu kimoja. Ishirini kwa sifuri ni ushindi wa mezani. Unaandikwa kwa kalamu pale mwenzako asipoingia uwanjani.

Nahodha wa timu ya ziwani alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Kaka anaendesha lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka, na mwanamke huyu alimpata Mbamba Bay alikokwenda likizo ya siku tatu akakaa wiki mbili. Mnyasa, mrefu kumzidi kaka, mabega mapana, kazi yake kuchuuza usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Siku alipoletwa nyumbani mama alimtazama kutoka juu hadi chini, akauliza kwa Kimatengo kama huyu mtu ataweza kupita mlangoni. Wifi hakuelewa maneno ila macho aliyaelewa, akainama kupita kiasi, akaingia huku anacheka. Nikampenda palepale.

Utani wetu haukuwa na breki. Mimi nilimwita mla muhogo, yeye akaniita mbuzi, eti kwa sababu sisi Wamatengo tunachimba ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo, na kupanda mahindi kwenye miteremko ambayo hata mbuzi akifika anatubu dhambi. Akija Mbinga analalamikia baridi, mimi nikishuka ziwani nalalamikia joto. Na kila tukikutana, hata msibani, mmoja wetu angemuuliza mwenzake: mazoezi vipi? Timu zetu zilikuwa zinafukuzana tangu kabla hajaolewa kwetu.

Mwaka wa korona ndio mwaka tulioingia fainali wote wawili. Ilikuwa fainali ya michezo mitano, anayetangulia kushinda mitatu anachukua kombe, na safari hii kulikuwa na kitu kikubwa kuliko kombe. Kampuni moja ya kusafirisha makaa ilitangaza kwamba itamchukua bingwa awe timu yake, icheze ligi ya kulipwa, kila mchezaji apate mshahara wa mwezi kama mfanyakazi mwingine. Huku kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kulipwa kwa kudunda mpira. Wengine walidhani ni uongo.

Mchezo wa kwanza tulishinda sisi, kwetu. Wa pili walishinda wao, kwao. Wa tatu sisi, wa nne wao. Baada ya ule wa nne nililala kwa wifi, na asubuhi tukiwa tunachambua usipa ufukweni akaniambia jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema bila kucheka.

"Wifi, nina miaka thelathini na minne. Nacheza tangu darasa la tano, bure. Nataka mara moja tu katika maisha yangu nilipwe kwa kucheza. Hata mwaka mmoja. Nikiupata huo mmoja nitarudi kwenye usipa wangu nimetulia."

Nikamwambia, "Basi ungezaliwa Mbinga." Akanirushia samaki. Tulicheka, lakini maneno yake yaliniingia. Mimi nilikuwa mwalimu, nina ajira, nina kiinua mgongo kinachonisubiri. Mshahara wa kampuni kwangu ungekuwa nyongeza. Nilichokitaka mimi ni kumfunga wifi yangu, basi.

Sasa niseme habari ya chakula, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Katika fainali ile wenyeji ndio waliowalisha wageni kabla ya mchezo, na kwa kuwa nyumba ya mama iko karibu na uwanja, kwetu walikuwa wakila hapo. Tulikula timu zote mbili pamoja, tumechanganyika, mikono kwenye masinia. Kwa sisi Wamatengo hilo lina mizizi. Zamani wanaume wa ukoo walikuwa na sengu, mahali walipokula pamoja kila siku, kila mke akileta chungu chake, na hapohapo ndipo mashauri ya ukoo yalipomalizwa. Bibi yetu alitusimulia kwamba mtu aliyekosea vibaya hakupigwa wala kutukanwa. Alitengewa chakula chake pembeni. Akiona hivyo anajua kwamba ameshahukumiwa. Wifi aliisikia hadithi hiyo kwa bibi mwenyewe, kabla hajafariki, akiwa amekaa jikoni kwetu anamenya viazi.

Mchezo wa tano ulipangwa Jumamosi, Mbinga. Wiki hiyohiyo shule zikafungwa, michezo ikasimamishwa, uwanja wetu ukaota majani katikati ya mistari. Nani atasahau miezi ile? Ndoo za maji tiririka kila mlango, barakoa za vitenge, watu wanajifukiza mpaka macho yanakuwa mekundu, limau na tangawizi vinatafutwa kama dhahabu. Watu waliacha kushikana mikono. Unamwamkia mzee "shikamoo" ukiwa umesimama mbali kama unayemdai. Mimi nilikuwa na hofu hasa, wala sioni aibu kusema. Mama ana pumu. Kila alipokohoa nilisimama mlangoni nikihesabu pumzi zake. Na maneno ya mitaani yalikuwa mengi, mojawapo kwamba ugonjwa utaingia kwetu kutoka ziwani, kwa mitumbwi ya kutoka ng'ambo. Nani aliyasema, alijuaje, hatukuuliza.

Katikati ya mwaka michezo ikaruhusiwa. Mchezo wa tano ukawekwa Jumamosi ya Julai, kahawa zimeiva, sote vidole vyeusi kwa kuchuma. Wifi alinipigia simu siku mbili kabla. "Mbuzi, jiandae kulia." Sauti yake ilikuwa na furaha mpaka nikaona wivu.

Nilipika mimi na wenzangu wawili. Ugali, maharage, mboga za maboga, na kuku watatu. Halafu nikakaa nikafikiri, na jamani, nilifikiri kwa kichwa cha woga. Nikaenda kwa jirani nikaazima sahani za plastiki kumi na mbili. Timu yangu nikaiwekea masinia sebuleni kama kawaida, kwa sababu sisi tulikuwa tukifanya mazoezi pamoja, tulishazoeana hata mafua. Wageni nikawapangia sahani zao nje, barazani, kila mtu na yake. Ningetoa sahani kwa kila mtu, sisi na wao, asingekuwepo wa kusema neno. Hilo ni wazo la mtoto wa darasa la kwanza, na mimi mwalimu mzima halikunijia.

Walifika saa nane mchana, wamevaa suti za michezo mpya, nyimbo tele. Wakanawa. Nikawaonyesha baraza. Nyimbo zikaisha. Wifi alikuwa ameshaingia ndani, amekwishamwamkia mama kwa mbali, anaelekea sebuleni kwenye sinia kama alivyozoea miaka minane. Nikamshika kiwiko.

"Wifi, chakula chenu kiko nje."

Aliangalia masinia, akaangalia baraza. "Na mimi pia?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema maneno mengi. Ningeweza kusema mama anaumwa, naogopa, nisamehe. Lakini nilikuwa nimechoka, moshi wa jikoni umenijaa machoni, na ule mshangao wake niliuona kama kiburi. Mdomo ukanitangulia.

"Na wewe pia. Si umetoka kulekule?"

Huyu ni mtu ambaye alijifungulia mtoto wake wa kwanza Mbinga, mama yangu akamkanda kwa maji ya moto siku arobaini ndani ya nyumba ile. Alitoka, akasema na wenzake kwa Kinyasa maneno machache, wakasimama wote. Hawakugusa sahani hata moja. Wakaenda kwenye basi lao dogo lililoegeshwa nyuma ya uwanja, kando ya ua wa kanisa. Mama aliyaona yote kutoka kitini pake. Akaniambia, "Umemtenga mtu wa nyumbani." Nikamjibu kwamba ni kwa ajili yake.

Saa kumi kamili refa akapuliza filimbi. Sisi tuko uwanjani, wao wako kwenye basi. Refa alikuwa mtu mzima, mwalimu mwenzangu wa shule ya jirani, akaniita pembeni. Akanieleza kanuni ambayo niliijua: wasipoingia katika dakika kumi na tano, mchezo ni wetu. Kisha akasema kwa upole, "Nahodha, hebu nenda kaongee nao. Si ndugu yako yule?"

Nikamwambia, "Wana miguu."

Sitajitetea. Kutoka pale nilipokuwa hadi kwenye basi ni hatua sitini, labda sabini. Mlango wa basi ulikuwa wazi, niliuona. Nilijua kabisa kilicho mle ndani: mwanamke wa miaka thelathini na minne na ule mwaka wake mmoja alioutaka. Nilijua neno linalotakiwa, na ni dogo. Lakini nilijiambia kwamba wanasusa, wanadeka, wanataka nikawabembeleze mbele ya mji mzima. Thubutu! Nikachukua mpira nikaenda kwenye goli la mbali, nikawapa mgongo. Wenzangu wawili walikuja kuniambia twende wote kwenye basi, nikawafokea. Refa alikuwa akitazama saa, akinitazama mimi, akitazama saa. Mwishowe akakaa mezani akaandika. Watu wetu walishangilia kidogo, wakaacha wenyewe. Nikasikia injini ya basi.

Kampuni ilitimiza ahadi yake. Tulicheza ligi ya kulipwa misimu miwili, kabla haijaachana na michezo. Nilipanda mabasi yenye viyoyozi, nikalala hotelini, nikaitwa mchezaji. Kila nilipokaa benchi nikifunga kamba za viatu nilimwona wifi akizifunga. Si kwamba nilikuwa mbaya uwanjani. Nilicheza vizuri, na hilo ndilo lililonitesa, kwa sababu yeye angecheza vizuri zaidi. Timu ya ziwani ilisambaratika mwaka uleule. Mama, kwa neema ya Mungu, yuko hai hadi leo, na korona haikumgusa.

Na wifi? Hee, mngedhani atanichukia. Hapana. Kipaimara cha mtoto wangu alikuja na ndoo ya samaki. Nilipofanyiwa upasuaji aliniuguza siku tisa. Ila jina la mbuzi hakuniita tena. Aliniita wifi, kwa heshima zote, kama ninavyoitwa na majirani. Nilijaribu kumchokoza, nikamwita mla muhogo, akatabasamu tu. Utani ulikuwa umekufa, na mimi ndiye niliyeuua, na hakuna aliyekuja kunipa pole.

Mwaka jana nilishuka ziwani peke yangu. Nilijiambia nakwenda kununua samaki, lakini nilikuwa nimeamua. Nilimkuta kwenye vichanja anaanika usipa, goti limefungwa bandeji, miaka yake karibu arobaini. Nikaanza kumsaidia kuwatandaza. Baada ya kichanja cha pili nikasema, bila kuzunguka, "Wifi, siku ile nilikukosea. Nilikutenga, na nilijua ninachokifanya. Naomba unisamehe."

Hakuacha kazi. "Nilishakusamehe zamani," akasema. "Kuhusu sahani nilikuelewa tulipokuwa bado njiani kwenda kwenye basi. Mama ana pumu. Hata mimi ningeogopa."

Nikamuuliza kwa nini basi hawakuingia uwanjani.

"Wenzangu walitaka tuondoke palepale. Nikamwambia dereva asiwashe gari. Nikawaambia, huyu namjua, hasira zake zinapanda haraka na kushuka haraka, atakuja. Akija tunashuka tunacheza. Nikahamia kiti cha mlangoni ili usihangaike kunitafuta." Alitandaza samaki waliokuwa mkononi, mmoja mmoja. "Nilikaa pale dakika zote kumi na tano. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia nilikuwa kwenye goli la mbali, natupa mitupo huru.

Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ile yote nikaona macho ya mchezaji mwenzangu.

"Iliingia?"

Nilitamani sana kumdanganya. Nikamwambia ukweli, kwamba siku ile iliingia yote.