Benja, Mlango Nimeushika Mimi

Akili inakataa, wadau. Benja, mtu aliyenisalimia kwa ngumi ya mgongo kila shifti, jana nimemtupia udongo kaburini.

Kwa msiomjua: tulibeba maboksi pamoja warehouse ya Downsview, huku Toronto. Mimi ndo mwenye misuli, yeye ndo mwenye digrii. Alisoma Ulaya, na hakutuacha tusahau!

Kule, alisema, vyuo vinakaguliwa na watu wa nje, na kwenye paneli ya wakaguzi lazima awepo mwanafunzi. Mwanafunzi huyo aliwahi kuwa yeye. Nikamwambia, "Wewe ulikuwa unakagua chai na keki." Alinikaba shingo mpaka supavaiza akaja mbio.

Alichokipenda zaidi: ikifika zamu ya wanafunzi kuhojiwa, walimu na wakubwa wote wanatolewa nje. Mlango unafungwa. "Hapo ndo watu wanatapika ukweli, dogo."

Juzi kati agent mmoja alikodi ukumbi Parkdale, anauza digrii ya Ulaya unayosomea hapahapa Toronto. Kaleta na wanafunzi wake wapige makofi. Mimi nimekaa mbele, zero ya form four na tai shingoni!

Benja, pembeni yangu, akasimama. "Chuo chako kimekaguliwa na nani?"

Agent akaanza kugawa fomu za kujiunga.

"Basi toka nje, tuongee na wanafunzi wako."

My God. Mabaunsa wa agent walimwangusha, wakamkanyaga kichwa na mabuti. Nilimvunjia mmoja kiti mgongoni, mwenzake akaning'oa jino. Damu ya Benja ilinilowesha tai yote. Hospitali hakufungua macho tena.

Polisi wakauliza nani alitoa amri. Mimi nilikuwa chini nagombana, sikusikia. Wanafunzi wakasema hawakuona kitu. Vibali vyao vya kukaa Canada anavishughulikia agent.

Jana tumetoka kuzika, tumekaa kwa mama yake Thorncliffe, wanafunzi wale nao wamo. Agent huyo, na shada la maua! Akajibana katikati ya wanafunzi wake.

Mama akalia, "Nani kaniulia mwanangu?" Wanafunzi wakamtupia jicho agent.

Nikasimama na pengo langu. "Bosi, toka nje kwanza."

Akacheka. Nikamkunja kola, nikamburuta hadi koridoni, maua nikamtupia usoni. Nikafunga mlango, nikauegemea. Akaupiga mateke, sikusogea.

Dada mmoja akapiga magoti. "Mama, alisema 'mmalizeni.' Nilikuwa pembeni yake."

"Hata mimi nilisikia," akasema mwingine. Kisha wote wakaongea kwa pamoja, wanalia. Polisi walipofika wakayarudia yote, na agent akaondoka na pingu.

Kaka Benja, kubali tu: paneli yangu imeipiku yako. Sasa mgongo wangu nani ataupiga?

Pumzika, Benja. Hapa mlangoni hapiti mtu.