Maini ya Kambale wa Kaoze

Niliondoka kwangu Izia, huku juu milimani, kwa sababu ya simu ya mzee Kalolo, mvuvi wa Kaoze aliyewahi kunipokea nilipokwenda kupima maji ya Ziwa Rukwa. "Mwanangu," alisema, "kambale wetu wa mtoni wanaishi, lakini si wazima. Njoo uwaone." Mimi ni fundi wa maabara. Nilikuwa nimerudi jana yake kutoka kazini Kipili, mgongo unauma. Nikajaza barafu kwenye deli, nikaondoka.

Saa mbili asubuhi mimi na dereva tulianza kuteremka kwenda bondeni kwa pikipiki. Juu kwetu nilivaa sweta. Kila kona joto likazidi, vumbi likaingia mpaka kwenye meno. Mara mbili breki zilinuka, nikashuka na kutembea nimebeba deli kichwani.

Kaoze tulifika mchana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechoka."

"Nimechoka kweli."

Alinipa maji, kisha tukaenda pale mto unapoingia ziwani. Huko juu ya mto watu wanasafisha dhahabu kwa zebaki. Kambale sita walikuwa hai ndani ya beseni, lakini mzee aliwashika mmoja mmoja kwa mkono, hata hawakufurukuta. Nikawapasua. Matamvua yamepauka, maini yana madoa.

"Wana nini?"

Nikamweleza kwamba zebaki ikiingia mwilini, huzalisha oksijeni kali inayounguza kuta za seli. Samaki ana kinga ya kuizima, ila sumu ikija kila siku kinga inaisha.

"Kumbe anaungua ndani huku anaogelea?"

"Ndiyo."

"Na anayemla?"

"Zebaki yenyewe inabaki kwenye nyama. Hata ukimpika, haitoki."

Tuliporudi nyumbani, mkwewe Sabina, mjamzito wa miezi saba, alikuwa ametuandalia ugali na kambale wa mto uleule. Alitusikia mlangoni tukiendelea kuzungumzia zebaki.

"Dada, nile nisile?"

Kazini nimefundishwa kujibu kwamba tusubiri vipimo. Nilimtazama tumbo. "Usile, mama."

Mzee aliinua bakuli, akalitoa nje. Tukala ugali kwa maharage.

Kesho yake nilipanda mlima na maini kwenye barafu, nikisinzia nyuma ya dereva. Baada ya wiki tatu majibu yalitoka: zebaki imo, na kinga ya maini imekaribia kwisha. Nilipeleka taarifa wilayani, bado wanaijadili. Nikampigia mzee. Alikuwa ameshahamisha nyavu mbali na mto, na majirani wawili hawamsalimii tena kwa kuwa amewaharibia sifa ya samaki wao.

Safari hiyo imenifundisha kwamba samaki huumia muda mrefu kabla ya kuelea. Miaka yote nimekuwa nikitembea kando ya maji, nikiandika kwenye fomu "hakuna samaki waliokufa", nasaini, narudi nyumbani.