Vitabu Vilivyoezua Nyumba ya Mama Mkwe

Vitabu vile viliingia nyumbani kwetu ndani ya boksi la sabuni. Mfanyakazi mwenza wa mume wangu alikuwa amehamishwa kutoka Bariadi kwenda Pwani, na siku ya kufungasha akaona boksi lile ni zito na halina pa kukaa. Akamwambia mume wangu, "Chukua wewe, unapenda kusoma."

Tulikuwa na miaka minne ya ndoa na hatukuwa na mtoto. Mimi nimetoka Iringa, nililetwa Bariadi na barua ya ajira ya ualimu, nafundisha Kiswahili. Yeye ni Msukuma wa huku huku, mtoto wa mkulima wa pamba upande wa Kasoli, ila alisoma hadi chuo kikuu na wakati huo alikuwa afisa takwimu katika ofisi moja mjini. Kazi yake ilikuwa kuhesabu kaya, ng'ombe, visima na vyoo. Ilikuwa imeshamchosha kabla boksi halijafika. Jioni moja alirudi amenuna, akatupa faili juu ya kochi.

"Wamenirudishia ripoti," akasema. "Wanasema vyoo ni vichache mno. Niongeze."

"Uongeze vyoo?"

"Niongeze namba."

Kwa hiyo alipofungua kitabu cha kwanza na kukuta mwandishi anasema kwamba ustaarabu wa leo unaabudu idadi na umesahau kile kinachohesabiwa, alisimama katikati ya sebule akanisomea ukurasa mzima kwa sauti. Sikumwona na furaha kama ile tangu harusi yetu.

Vyote vilikuwa vya Kiingereza, na vyote, kila kimoja kwa njia yake, vilisema jambo moja. Dunia haiendi mbele, inashuka. Binadamu wa kwanza waliishi karibu na nuru, na sisi tumezaliwa katika zama za mwisho, zama za giza, ila tumepewa taa za umeme tusitambue. Dini zote zina ganda na kiini. Ganda wanapewa wote, kiini kinapita kwa siri kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Na mashine, benki, miji na shule ndivyo vilivyokata kamba hiyo.

Nisijifanye kwamba nilikuwa mjinga aliyeburutwa. Nilivipenda. Jumapili baada ya kutoka kanisani tulikaa barazani, yeye anasoma Kiingereza sentensi kwa sentensi, mimi naiweka katika Kiswahili, naandika kwenye daftari la shule. Kulikuwa na neno moja lililotusumbua wiki nzima, la ile elimu isiyogawiwa kila mtu. Nikakumbuka maneno niliyoyasoma chuoni, nikampa: batini kwa kilichofichwa, dhahiri kwa kinachoonekana. Alilirudia neno batini mara kadhaa, akalionja. "Wewe ndiye uliyetakiwa kuandika vitabu," akaniambia. Naamini hadi leo kwamba siku ile alisema kweli.

Vitabu vya boksi vilipokwisha alianza kupakua vingine kwenye simu na kuvichapisha stationari. Akaacha kuangalia mpira. Akaacha chumvi ya dukani, kisha sukari, kisha dawa ya meno. Halafu siku moja akarudi mapema kutoka ofisini, akaniambia ameandika barua ya kuacha kazi.

"Tunarudi nyumbani," akasema. "Kasoli. Kwa mama. Huko bado kuna kitu kimebaki."

Nikamuuliza tutakula nini.

"Watu wamekula huko miaka elfu bila mshahara."

Niliomba uhamisho, nikapata shule ya msingi ya kijijini kwao. Kwa hiyo tulikula mshahara wangu. Hilo hakulisema kwa mtu yeyote, na mimi kwa aibu ya mke nililinyamazia.

Mama mkwe alitupokea bila kuelewa. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mikono migumu ya jembe, Mkatoliki wa kuamkia misa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga na Kisukuma changu kilikuwa kibaya zaidi, lakini tulipatana. Asubuhi nilimwamkia "mwangaluka mayu," yaani umeamkaje mama, naye hucheka matamshi yangu, ananijibu, ananipa maziwa mgando kwenye kibuyu. Aliniita ng'wana wane, mwanangu. Mimi mama yangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Hilo jina lilinishika kuliko alivyojua.

Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, na juu ilikuwa na mabati. Mabati yale yalikuwa jasho lake. Baada ya mumewe kufa alilima pamba peke yake msimu hadi msimu, akinunua mabati machache kila baada ya mauzo, akiyalaza chini ya kitanda, mpaka yakatimia. Aliwahi kunionyesha bati moja lenye doa la kutu akaniambia mwaka alipolipata ulikuwa wa ukame. Mvua ikinyesha alikaa ndani akiisikiliza inavyopiga juu, ametulia.

Mume wangu aliyachukia mabati hayo tangu siku ya kwanza. Alisema nyumba ni mfano wa mbingu, kwamba wazee walipoezeka kwa nyasi kwa umbo la duara walikuwa wanajua wanachokifanya, na bati ni chuma cha zama za chuma kilichowekwa kati ya mtu na Mungu wake. Nilidhani ni maneno ya barazani.

Mwezi wa tisa mama alikwenda Nyashimo kwenye msiba wa dada yake. Alikaa huko karibu wiki mbili. Siku ya tatu nilirudi kutoka shule nikakuta mafundi wawili juu ya nyumba wanang'oa misumari.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Namrudishia mama nyumba yake."

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kumwita mwenyekiti wa kitongoji, au kumpigia mama simu kupitia kwa jirani yake wa msibani. Nilimwambia tu, "Ungemsubiri," nikaingia jikoni kupika. Sehemu fulani ndani yangu, ile iliyoandika daftari, ilitaka kuona nyumba itakavyokuwa.

Nyasi za kuezekea hazikupatikana Kasoli. Ng'ombe wamezimaliza, na palipobaki pamelimwa pamba. Ikabidi zitafutwe mbali, ng'ambo ya Lagangabilili, na zije kwa lori. Lori likalipwa kwa kuuza mabati. Na kwa kuwa vijana hawajui tena kuezeka nyasi, aliyefanya kazi ni mzee mmoja ambaye macho yake yalikuwa yameanza ukungu; aliezeka kwa kupapasa. Hata umbo la duara halikuwepo, maana kuta zilikuwa za pembe nne. Mume wangu alisimama chini akitazama, macho yamemlegea kwa ibada.

Mama alirudi mchana, ameshuka kwenye bodaboda na furushi lake la msiba. Alisimama mbele ya nyumba. Hakulia. Alizunguka nyuma, akarudi mbele.

"Mabati yangu yako wapi?"

Mwanawe alimweleza kwa Kisukuma, kwa muda mrefu, kwa upole wote. Nilisikia neno la mababu likirudi mara nyingi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie:

"Hao mababu unaowasema, mimi nimewaona. Bibi yangu alikuwa anahamisha kitanda usiku mzima akikimbia matone. Alikufa anatamani bati."

Akanigeukia. "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

Hakuniuliza tena. Aliingia ndani na furushi lake.

Mvua za vuli zilikuja na nyasi zikavuja kama mama alivyosema. Mimi nilikinga ndoo, nikaanika magodoro, nikaenda shule, nikarudi, nikateka maji lamboni, kwa sababu maji ya bomba nayo mume wangu alikuwa ameyakataza. Yeye alikuwa anatafuta mwalimu wa kumpa kiini. Alisikia kuna mzee katika kijiji cha pili aliyewahi kuwa mkubwa wa chama cha wacheza nyoka, mtu wa dawa nyingi. Akafunga chakula siku tatu, akaenda kwa miguu. Alirudi jioni ile ile, uso umemshuka.

"Amekuambia nini?"

"Ameniuliza kama namjua mtu wilayani. Binti yake amemaliza kidato cha nne, anataka kazi ofisini."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Tangu siku hiyo hakunisomea kitu tena.

Mwezi wa kumi na mbili mama alishikwa na kifua. Alianza na kikohozi, kisha homa, kisha akawa anapumua kwa kuvuta mabega. Godoro lake lilikuwa na unyevu ambao jua la siku mbili halikuutoa. Mume wangu alichuma majani, akayachemsha, akamletea kikombe. Mama alinusa.

"Haya ni ya tumbo," akasema. "Nani amekwambia ni ya kifua?"

"Kunywa tu mama. Hospitali wanatibu mwili peke yake."

"Basi huo mwili ndio unaoniuma. Nipelekeni."

Nilimpeleka mimi. Tulikaa watatu kwenye bodaboda, dereva, mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke, hadi Bariadi. Daktari alisema ni nimonia, akamlaza. Nilikaa naye wodini nikimgeuza na kumlisha uji. Mwanawe alifika siku ya tatu kwa miguu, kwa sababu alikuwa ameapa kutopanda chombo cha moto. Alitembea tangu alfajiri. Miguu imejaa vumbi, midomo imekauka. Wanawake wa wodini wakasema, tazama mtoto mwenye mapenzi, ametembea kote huko kwa ajili ya mama yake. Mama akamshika kichwa. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la matapishi.

Mama alipopona nilinunua mabati mapya na kumrudishia paa lake kabla hajatoka mjini. Mume wangu hakunizuia. Wiki moja baadaye alisema kuna watu Arusha wana shamba ambako wageni huja kupumzisha roho, na wamemwomba akawafundishe. Aliondoka na vitabu vyake, na daftari langu. Alipanda basi.

Mwaka ulipita na zaidi bila yeye kurudi. Alipiga simu, mwanzoni kila wiki, baadaye akikumbuka. Kisha nikapata bahasha kutoka kwake, ndani mna kitabu chembamba cha Kiswahili chenye jina lake juu ya jalada. Nilikisoma siku moja. Kiswahili chake kilikuwa safi, na kilikuwa safi kwa sababu kilikuwa changu: sentensi za Jumapili zile, zimepangwa upya, na batini katika kila sura. Mahali pa shukrani aliwashukuru wazee wa Usukuma. Na kulikuwa na sura kuhusu paa. Aliandika kwamba mama yake aliporudi kutoka msibani na kuona nyasi juu ya nyumba, alipiga magoti, akalia kwa furaha.

Niliona lazima mama ajue. Nilitaka, niseme wazi, awe upande wangu. Nilimwendea na kitabu, nikamsomea ukurasa ule polepole, pale alipokwama nikamweleza kwa Kisukuma changu kibovu. Nikasubiri hasira.

"Ameniandika mimi?" akauliza.

"Ndiyo mama. Lakini si kweli. Wewe hukulia kwa furaha."

"Ameniandika mimi, kitabuni." Akanyoosha mkono. "Lete nione. Mama ni wapi?"

Nikamwonyesha neno. Hakujua kusoma, ila aliweka kidole juu yake akakiacha hapo. Kisha akaniomba kitabu kibaki. Alikifunga kwenye kitambaa, akakiweka pamoja na rozari yake.

Nilirudi kufundisha Bariadi mwaka huo huo, nikapanga vyumba viwili. Mama alikuja mara moja kunitembelea, amebeba michembe ya viazi vikavu na kuku. Tulikunywa chai. Alisema mwanawe amepiga simu, anataka tuanze upya, Arusha kuna nyumba nzuri. Akasema mtoto anaweza kupatikana bado.

"Sitarudi kwake, mama," nilimwambia.

"Ni mwanangu."

"Najua."

"Alikosea paa. Watu wanakosea."

Nilitaka kumweleza kuhusu daftari, lakini angeona ni ugomvi wa karatasi. Nilitaka kumwambia kwamba ningekaa naye yeye, Kasoli, mpaka tuzeeke wote wawili, bila huyo mwanawe. Hilo nalo halisemwi. Nikammiminia chai nyingine, hakuinywa. Aliondoka na gari la mchana.

Hajaja tena. Mwezi uliopita tulikutana sokoni, amekuja kununua dawa ya kupulizia pamba. Amenenepa kidogo, kifua chake kizuri. Nilimwamkia kwa Kisukuma, na safari hii nilitamka sawasawa. Akanijibu kwa Kiswahili, kwa adabu, kama mtu anavyomjibu mwenye ofisi:

"Nzuri, mwalimu. Habari za kazi?"