Nilivyochungulia Shimo la Ndizi la Baba Mkwe

Mimi hufundisha fizikia kidato cha sita hapa Karagwe, na mdomo wangu haujui likizo. Juzi nilikuwa Nyakatuntu ukweni, tukijiandaa kumwoza shemeji yangu. Baba mkwe alikuwa amefukia ndizi shimoni ziive kwa joto, zikamuliwe rubisi, pombe ya wageni. Shimo hilo halifunuliwi mpaka siku yake.

Nikawatambia mashemeji: "Elektroni haina mahali pamoja mpaka uipime. Basi na ndizi hizo sasa zimeiva na hazijaiva. Atakayefunua ndiye ataamua!"

Baba mkwe akanitazama. "Mwalimu, ndizi huiva kwa joto, uziangalie usiziangalie."

Nikacheka kisomi. Moyoni nilijua mzee hajakosea: mambo ya elektroni hayahamii kwenye kitu kikubwa kama mkungu. Lakini ubishi ulishanipanda kichwani. Alipokwenda misa, nikafukua kona moja, nikainama kuchungulia. Mbichi! Nikarudisha udongo haraka haraka kama paka.

Siku ya kukamua, ukoo mzima ulizunguka shimo. Ndizi zilikuwa zimeiva njano, zinanukia, isipokuwa kwenye kona yangu. Huko baridi ilikuwa imeingia, na ndizi zilikuwa kijani kibichi.

"Kumbe mwalimu alisema kweli," baba mkwe akatamka taratibu. "Zimeiva na hazijaiva."

Kisha akaokota kitu katikati ya zile mbichi, akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote za mkwe.

Ilikuwa kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia.