Laptopu Niliyochagua na Kaka

Kwa zaidi ya miaka kumi kaka yangu alipiga video za harusi na mazishi vijijini kwetu, kuanzia Mbololo hadi Bura, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilishika taa, nikabeba betri, nikawaomba kina mama wa kwaya wasogee kidogo. Ugonjwa wa sukari ulipoanza kumharibia macho, alisema ni ukungu tu, utapita. Akaanza kunipa kamera mimi, eti mkono wake unachoka.

Mwaka jana mashine yetu ya zamani ya kuhariria video ikakataa kabisa kufungua faili za kamera mpya. Kaka akasema, "Twende Voi tuchague nyingine. Lakini hii utaitumia wewe. Mimi nitakaa kando nikuelekeze."

Dukani, msichana mmoja mwenye subira alitupangia laptopu tatu mezani. Kaka aliuliza maswali yake yote: kumbukumbu, ile RAM, ni kiasi gani, inaongezeka ama imefungwa humo humo, ina kadi yake yenyewe ya picha? Alipitisha kiganja chini ya ile ya kwanza, akainamisha sikio kwenye feni.

"Hii itachemka kabla maharusi hawajakata keki," alisema. Msichana akacheka.

Ya pili ilikuwa nyembamba na nyepesi, mimi nikaipenda. Kaka akaisukuma. "Haiongezewi kitu. Ukikwama, umekwama."

Ya tatu ilikuwa nzito, nyeusi, haina urembo wowote. Kaka akatoa mfukoni flashi yake ya kuhifadhia video. "Niwekee ile harusi ya Werugha. Nataka kuona rangi."

Msichana akabofya faili, lakini ikafunguka nyingine. Yalikuwa mazishi ya mzee mmoja wa Bura. Sauti ilikuwa imezimwa. Watu waliovaa masweta meusi walikuwa wakishusha jeneza, na udongo mwekundu umewashika miguuni.

Kaka aliinama mpaka uso wake ukakaribia kioo. "Safi," alisema. "Tazama gauni lilivyo jeupe. Halijaingia ubuluu hata kidogo. Na ile migomba nyuma, kijani chake ndicho chenyewe."

Msichana alinitazama. Niliona anataka kusema kitu, nikatikisa kichwa.

"Ndiyo, kaka," nikasema. "Jeupe kabisa."

Tukainunua hiyo. Nje, jua likiwa kali, alinishika kiwiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Haikuwa harusi, sivyo?"

"Yalikuwa mazishi."

"Nilijua. Ulikawia kujibu."

"Tangu lini, kaka?"

"Tangu kabla ya mvua. Mwangaza nauona. Watu siwaoni." Akavuta pumzi. "Usimwambie mama. Nitamwambia mwenyewe."

Nilimshikilia tu mpaka tukavuka barabara.

Miezi michache tulifanya kazi hivyo, mimi kwenye laptopu, yeye kwenye kiti cha plastiki pembeni, akisikiliza. Alikuwa anahariri kwa masikio. "Kata kabla padri hajakohoa." "Muache shangazi amalize kigelegele." Mara nyingi alikuwa sahihi kuliko mimi ninayeona. Halafu siku moja nikamuuliza bila kufikiri kama uso wa bibi harusi umekuwa mweusi mno. Akasukuma kiti chake nyuma.

"Usiniulize rangi tena," alisema.

Wiki iliyofuata hakuja kazini. Sasa yuko nyumbani Werugha na mama, na wateja bado wananipigia simu wakimtaka yeye. Wiki iliyopita nilimpigia kumuuliza niweke wimbo upi bibi harusi mmoja akiingia kanisani.

"Chagua mwenyewe, dada," alisema, akampa mama simu. Mama akaniambia kule kuna baridi, na kwamba siku hizi kaka hataki redio iwashwe.

Video ya harusi ile niliikabidhi Jumatatu. Wenyewe walifurahi. Lakini kuna mahali pawili nimekata mapema, na kaka angepasikia.